Acha Nafasi ya Kukua

Nyinyi wajukuu mnaonunua sare za shule zikiwa zimekunjwa ndani ya plastiki, hebu kaeni hapa kidogo tuelewane. Mnamwambia mwenye duka, "Darasa la nne," anawatupia mfuko, mnalipa, mnaondoka, na mtoto mwenyewe yuko nyumbani hana habari. Hakuna aliyegombana. Hakuna aliyelia. Hakuna baba aliyeketi chini akaapa kwamba habanduki hapo mpaka kaptura iongezwe. Mnaita hiyo kununua nguo za shule? Hiyo ni kuokota.

Mimi ni Bibi Sofia wa mtaa wa Nengo. Wengi mnanijua kwa mdomo wangu, na hamkosei. Kabla magoti hayajanigomea nilikuwa mpimaji. Si fundi cherehani, sikilizeni vizuri, mpimaji. Fundi alikuwa mjomba wangu Ramazani, mwenye cherehani yake ya miguu kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja hapa Gisenyi kwetu Rwanda, enzi za Wabelgiji. Miaka ile ya hamsini kila baraza la duka lilikuwa na mafundi wake, na mafundi wote walikuwa wanaume, na shida ilianzia hapo. Mwanamume gani atamzungushia binti wa watu kamba kifuani, baba yake ameketi pale na fimbo? Mafundi wengine walikisia kwa macho. Msichana anasimama mbali, fundi anafumba jicho moja, anashika mkasi. Nguo zilizotoka huko, Mungu awasamehe tu.

Mjomba akatumia akili. Alitundika pazia kwenye kona ya baraza, akaniita mimi binti wa dada yake. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, siku nyingi yuko njia ya Ruhengeri, na mimi nyumbani nilikuwa nahesabu mijusi ukutani. Nilikwenda mbio. Basi wasichana na mama zao wanaingia nyuma ya pazia, mimi napima, natoa nje kamba yenye vifundo, mjomba anakata bila kumwona mtu. Wateja wakamiminika. Mafundi wa mabaraza mengine walisema Ramazani ameacha ushonaji amefungua hospitali. Ilikuwa wivu, na sisi tuliufurahia.

Kwa nini kamba, mtauliza. Kwa sababu namba zilinikwepa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisema shule ni za mapadri, na binti wa Kiislamu akienda kwa mapadri atarudi anaitwa Maria. Nikapelekwa chuoni kusoma Korani mpaka nilipoanza kuota matiti, halafu nikafungiwa jikoni. Siku mjomba alipoleta utepe wa kupimia wenye namba, nilimwambia huo utepe wako umejaa wadudu, nipe kamba yangu. Kifundo cha kwanza bega, cha pili kiuno, cha tatu pindo, na kwenye kamba ya pili kifua na mkono. Kila mtoto na kamba zake, zinaning'inia kwenye msumari wake ukutani. Namba nilikuja kuzijua baadaye sana, na mpaka leo siziamini.

Mwezi wa tisa ndio ulikuwa Idi yetu. Watu wameuza kahawa, shule zinakaribia kufunguliwa, na wazazi wote wa Gisenyi wanakumbuka siku moja kwamba watoto wako uchi. Wa mjini wanakuja, wa ziwani wanakuja wananuka samaki, wa milimani wanakuja na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtoto haulizwi kitu. Anasukumwa, anageuzwa, anainuliwa mikono, mama anamfinya ili asimame wima, baba anamwambia asipumue. Mimi nawaambia, mtoto anayepimwa mwacheni apumue. Tena muulizeni kwanza amekula nini, kwa maana mtoto kabla ya maharage na mtoto baada ya maharage ni watoto wawili. Wavulana wanatanua kifua wapate kuonekana wanaume, wakirudi nyumbani kifua kinashuka na shati linabaki limesimama peke yake.

Na kaptura ya mvulana, jamani, haichakai magotini, inachakaa makalioni. Watoto wetu walikuwa wakirudi shule wanateleza milimani kwa makalio, kuanzia juu mpaka kwenye mto, na magome ya migomba wamekalia ikiwa wana akili, bila kitu ikiwa hawana. Mjomba alikuwa anaweka kiraka kwa ndani kabla kaptura haijavaliwa hata siku moja. Wazazi wakiuliza mbona nguo mpya ina kiraka, alijibu kwamba amemwona mtoto wao uso. Ulimi ule ungeweza kumpotezea wateja, lakini kiraka chake kilidumu kuliko kaptura yenyewe, na walirudi.

Sasa nije kwenye maneno ambayo kila mzazi aliyasema, tajiri na maskini, wa msikitini na wa kanisani. Anasimama, anamwangalia mjomba usoni, anasema, acha nafasi ya kukua. Nguo ya shule haikushonwa kwa mtoto aliyepo. Ilishonwa kwa mtoto wa miaka inayokuja, na huyu aliyepo alikuwa anaibeba tu mpaka mwenyewe afike. Kwa hiyo pindo lilikuwa pana, mikono inakunjwa, kiunoni kuna mikunjo ya kufumua. Mwaka kesho unafumua kidogo, mwaka wa pili unafumua tena, na mstari wa rangi mpya unaonekana pale kitambaa kilipokuwa kimejificha. Ungeweza kumsoma mtoto umri wake kwa mistari ya gauni.

Watu wa milimani, kule Kanama, hawakuleta hata mtoto. Mtoto ana mbuzi wa kuchunga, ana mdogo wake mgongoni, na kushuka mjini ni mwendo. Walileta kamba. Mtoto amepimwa nyumbani, vifundo vimefungwa, kamba imetiwa ndani ya kofia ya baba au kwenye nguo ya mama, safari. Kitu cha kwanza nilikuwa naangalia ni kamba ya nini. Kamba ya mgomba ikikauka inajikunja, kwa hiyo unaongeza kidole. Ya katani inavutika, kwa hiyo unaishika bila kuivuta. Hayo hamtayakuta shuleni kwenu, na wala sisemi mnayahitaji.

Lakini sikilizeni kosa letu sasa, kosa la mji mzima. Baba anampima mtoto nyumbani, anafunga kifundo, halafu anakisogeza chini upana wa kiganja, kwa ajili ya kukua. Hamwambii mke wake. Mama anapewa kamba abebe, njiani anawaza jinsi watoto wanavyorefuka, anakisogeza tena. Hamwambii mume wake. Wakifika kwangu, mimi nawajua wazazi ni wabahili, mwaka kesho watakuja kunililia, naongeza vidole viwili. Simwambii mjomba. Mjomba naye anajua kitambaa cha Mwarabu kinarudi kikishaguswa na maji, anaongeza cha kwake. Yeye hamwambii mtu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuambia watu. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake mwenye busara pale barazani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Baba Petero, mvuvi mmoja wa ziwani. Tulimshonea mtoto wake kaptura ya kaki. Petero akaingia ndani yake akabaki kichwa. Baraza zima lilicheka mpaka Mwarabu akatoka dukani kuangalia kama kuna mtu amekufa. Baba Petero aliikunja ile kaptura akaenda nayo. Jumapili ile aliivaa yeye mwenyewe kanisani, akaketi benchi la mbele, na wiki iliyofuata akaja kutushukuru. Petero alirudi shule na kaptura yake ya zamani yenye tundu.

Baada ya hapo mjomba akapiga marufuku kuongeza. Aliwaapisha watu pale pale. Wakristo waliapa kwa Mama Maria, Waislamu tuliapa kwa Mwenyezi Mungu, na vifundo viliendelea kusogea kama kawaida.

Bon, basi. Mwaka mmoja akaja Gaspari wa Kanama na mke wake. Gaspari alikuwa na shamba la viazi na maharage, kahawa kidogo, na mbuzi. Mbuzi zile alizisema zaidi ya watoto wake. Mbuzi yangu hivi, mbuzi yangu vile, nani amegusa mbuzi yangu. Alivaa kofia ya Mzungu iliyokwisha kuchoka, na alipenda kusikika. Mke wake, Mama Veneranda, alikuwa hasemi. Mlango wa pazia aliujua, akaingia huko kwangu moja kwa moja, kama walivyofanya wanawake wote. Barazani walisema wanaume, nyuma ya pazia tulisema sisi, na hakuna aliyevuka.

Nikamsikia Gaspari huko nje anatangaza. Masista wamekubali kupokea wasichana wapya, na binti yake mkubwa, Veneranda, anakwenda. Gauni la bluu, kola nyeupe, chini ya goti vidole vinne, ndivyo masista walivyosema, na atakayekuja vingine atarudishwa kwao. Mjomba akampongeza, akauliza na yule mdogo je, Dafroza, kwa sababu tulikuwa tumesikia habari za wasichana wale wawili, wamefuatana kwa karibu sana, kimo karibu kimoja.

"Dafroza atabaki," Gaspari akasema. "Kitambaa iko ya mutu moja. Siku Mungu ataleta kitambaa ya watu wawili, wote wawili wataenda ku masomo."

Alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mafundi walisikia, wazazi waliokuwa wakingoja walisikia, Mwarabu mlangoni kwake alisikia. Watu wakaitikia vizuri, na Gaspari akaketi ameridhika na imani yake.

Huku ndani mama yake alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza kama Veneranda anafurahi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Veneranda hana neno, akiambiwa aende atakwenda, akiambiwa abaki atabaki. Anayetaka ni Dafroza. Dafroza ameshika katekisimu yote kichwani, anaandika majina yao wote kwenye majivu kwa kijiti, na asubuhi wanafunzi wakipita barabarani anawafuata na mbuzi zake mpaka mahali ambapo baba yake anamwita. Kila siku anafuata, kila siku anaitwa. "Roho inaniuma, Mama," akaniambia. Na mimi roho iliniuma, nisiwadanganye. Nilikumbuka jikoni kwetu, na sauti za wenzangu wakipita nje.

Halafu akatoa kamba kwenye nguo yake akanipa. Ilikuwa ya katani, vifundo vipya, vipimo vyote kwenye kamba moja. Niliipitisha vidoleni, nikasimama. Kifua kile kilikuwa cha mwanamke mwenye watoto. Urefu ule, nikiushikilia begani kwangu, ulifika kwenye vidole vya miguu yangu, na mimi sikuwa mfupi. Nimeona kamba nyingi zilizosogezwa, lakini hii haikusogezwa, hii ilihama nyumba kabisa. Nikafungua mdomo. Mama Veneranda akaniangalia.

"Iko sawa," akasema. "Mutoto anakua."

Nikafunga mdomo. Wanaonijua hawaamini, lakini niliufunga. Hata vile vidole vyangu viwili sikuongeza, nikapitisha kamba kwa mjomba kama ilivyo.

Mjomba aliinuka nayo, akajipima mwenyewe, akacheka. Akamuuliza Gaspari huyo mtoto ni wa shule au ni wa polisi. Mtu mwingine angeshtuka, lakini Gaspari ilikuwa mara yake ya kwanza kumvisha binti, hakujua gauni linakula kitambaa kiasi gani, na alidhani anadharauliwa.

"Kwetu wanawake ni warefu," akasema. "Na usikate pa kifundo. Ongeza kiganja. Nataka avae mpaka siku ataolewa."

Mjomba akainua mabega. Mwarabu, ambaye alikuwa na furaha ya Mwarabu yeyote anayekata kitambaa, akakata. Nyuma ya pazia Mama Veneranda alijifunga nguo yake upya, akaniaga kwa heshima, akatoka. Nilibaki nimeshika ukuta, maana nilikuwa nimeanza kuelewa, na nilikuwa naogopa kwa niaba yake.

Niwaambie kitu hapa kabla sijaendelea. Siku hizi mafundi wanapunguza. Mitumba ilipoingia, nguo zikaja kubwa zenyewe kutoka kwa Wazungu wanene, na kazi ya fundi ikawa kupunguza, kubana, kukata. Mafundi wa leo hawajui tena kuficha kitambaa. Nimeona sare za wajukuu wangu, ndani hamna pindo hata la kidole, mtoto akirefuka mwezi mmoja goti liko nje. Mjomba angewapiga na chaki.

Walirudi kuchukua gauni siku ya Jumamosi, shule inafunguliwa Jumatatu. Safari hii walikuja na wasichana wote wawili. Veneranda kwa ajili ya kujaribu, na Dafroza, alisema mama yao, kwa ajili ya kubeba kikapu cha viazi vya kuuza. Kikapu chenyewe kilikuwa na viazi ambavyo ningevitia mfukoni. Dafroza alikuwa msichana mwembamba mwenye macho yasiyotulia, alisimama kwenye ngazi ya baraza akitazama gauni la bluu mkononi mwa mjomba, na hakutazama kitu kingine.

Nikamwingiza Veneranda na mama yake nyuma ya pazia, nikamvisha mtoto. Masikini mtoto alipotea. Mikono ya gauni ilining'inia, pindo lilikaa sakafuni, na pembeni yake ndani ya lile gauni ungeweka gunia la maharage na wakatoshana. Aliniuliza kama masista ndivyo wanavyovaa. Nikamtoa nje.

Baraza likalipuka. Watu walishikana mabega. Gaspari alisimama, kofia mkononi, akauliza hii ni nini. Mjomba akanigeukia mimi kwa hasira, akasema mwanamke umepima ng'ombe. Nilikwenda kwenye msumari, nikachukua kamba ya Veneranda, nikailaza juu ya gauni mbele ya watu wote. Bega na bega, kifua na kifua, mpaka chini, na chini ya kifundo cha mwisho kilibaki kiganja kimoja, kile alichokiagiza Gaspari. Kamba ilitoka kwao, kiganja kilitoka kwake.

Mjomba akapumua. Alikuwa mtu wa kazi, hasira zake hazikukaa. Akasema si kitu, napiga pindo tu, kwa chini na kwa ubavuni, gauni litakaa. Akaweka pini mdomoni, akapiga magoti. Gaspari naye akatulia. Akaketi, akasema ndiyo, kunja, kunja yote iingie ndani, hata ikiwa nzito, kitambaa kisipotee, atakuwa anakifumua mwaka kwa mwaka. Na kweli, kwa desturi yetu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzuri. Pindo kubwa kama lile kila mama wa mjini angelionea wivu.

Nikamtazama Mama Veneranda. Alikuwa bado nyuma ya pazia, ameshika ukingo wake. Alikuwa amefikiria kila kitu, kasoro pindo. Pini ya kwanza ikaingia. Ya pili. Kile kitambaa alichokileta kwa ujanja wote ule kilikuwa kinaingia ndani ya gauni la Veneranda, kikakae huko gizani miaka, na Dafroza kwenye ngazi alikuwa ameshaanza kuokota kikapu chake.

Ndipo mama akatoka. Alisukuma pazia akaja kusimama katikati ya baraza, mahali ambapo sikuwahi kumwona mwanamke amesimama kusema na mumewe.

"Baba Veneranda," akasema, "ulisema Mungu ataleta kitambaa ya watu wawili."

"Nilisema," Gaspari akajibu.

"Ameleta."

Gaspari akamtazama mke wake, akatazama gauni, akatutazama sisi mmoja mmoja, na sote tulikuwa watu wale wale waliomsikia. Akavaa kofia. Akaivua. Halafu lile neno lenyewe lililokuwa chini ya maneno yote likatoka.

"Na mbuzi je? Mbuzi itachungwa na nani?"

"Mbuzi iko yako," mke wake akasema. "Kila siku unasema ni yako."

Hapo hapakuwa na mtu aliyecheka, na nawaambia ilikuwa bahati. Mwanamume aliyechekwa barazani ana njia ndefu ya kurudi nyumbani na mke wake, na ni mke anayeilipa njia hiyo. Nilimwona Gaspari shingo inavimba. Niliogopa. Nilitaka kusema kitu na mara hii mdomo wangu, huu mnaouogopa, ulikauka.

Aliyetuokoa ni mjomba Ramazani, mtu niliyemsema vibaya maisha yangu yote na hapa pia nimemsema. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kola ya shati lake, akapima lile gauni kwa mkono wake wazi, taratibu, kama mtu anayenunua. Akamtazama Gaspari kwa heshima kabisa.

"Mzee Gaspari," akasema, "kamba peke yake isingetosha. Nimeangalia. Ni kile kiganja chako uliongeza. Bila kiganja chako, wa pili hapati nguo."

Wallahi sijui kama ilikuwa kweli. Nilipima kamba ile kwa mikono yangu na mpaka leo sijui. Lakini Gaspari alisimama wima. Aliwatazama wazazi wengine waliokuwa wamekaa pale na vikamba vyao vya kawaida. Shingo ikashuka. Akasema kwamba yeye kupima anajua, tangu zamani anajua, kwao wote wanajua. Halafu akamgeukia mjomba kama mtu aliyechelewa kazini.

"Unangoja nini? Kata."

Mjomba akakata. Tulimaliza magauni mawili kabla ya jua kuzama, mimi nashona vifungo kwa mkono, na Dafroza nilimpima mwenyewe nyuma ya pazia. Nilipomwambia apumue, alishindwa. Alikuwa ananiuliza kama masista wataliona pale kwenye kiungo cha mkono, kwa maana mkono mmoja tuliunganisha vipande viwili. Nikamwambia masista wanaangalia goti, hawaangalii kwapa. Kola nyeupe ilikuwa moja tu, na Mwarabu alikuwa ameshafunga duka akaenda kuswali. Mjomba alitazama huku na huku, akachukua kanzu yake nyeupe ya Ijumaa kwenye msumari, akaikata upindo wote, akashona kola ya pili. Ijumaa iliyofuata aliingia msikitini na miguu nje, na alipoulizwa alisema ni joto.

Waliondoka jioni, Gaspari mbele, wasichana nyuma yake na mafurushi yao kichwani, mama yao mwisho. Hakugeuka kunitazama. Usiku ule sikulala vizuri, na Jumapili pia, kwa maana mtu anaweza kusema kata mbele ya watu, na nyumbani akasema mengine.

Wiki iliyofuata nilipanda lori la mume wangu mpaka soko la Mahoko, kule kule Kanama, kutafuta maharage. Nilishukia barabarani, na kabla sijafika sokoni nilisikia mwanamke anatukana kutoka kilimani. Nikainua macho. Mbuzi zilikuwa zimeingia kwenye maharage ya watu. Katikati yake alikuwa Gaspari, kofia imeanguka, fimbo mkononi, anafukuza huyu wakati yule anarudi, na mwenye shamba anamfuata nyuma na matusi. Mbuzi hazikumjua. Zote zile alizozisema miaka mingapi, hazikuwa zinamjua.

Nikamsalimu kutoka barabarani, nikamuuliza, Dafroza iko wapi.

Alisimama, anahema, akaninyooshea ile fimbo kama vile kosa lote ni langu.

"Iko ku masomo," akasema. "Wote wawili. Usiniongeleshe, mama, zinakimbia."

Nilicheka mpaka nikaweka kikapu chini. Halafu machozi yakaja. Ya kwanza yalikuwa ya wivu, sifichi, wivu wa mwanamke mzima kumwonea mtoto wa watu. Yaliyofuata yalikuwa ya furaha, na hayo yalikuwa mengi zaidi. Watu wa sokoni walipita wakiniangalia na sikuona haya hata kidogo.